Sare za filamu za anga: ipi ya kuvaa, ipi ya kutazama

Ukipendezwa na sare ya filamu ya safari za anga, jiulize jambo moja kabla hujakata kitambaa: aliyeivaa alikwenda chooni vipi?

Nauliza kwa dhati. Nimeshona mavazi ya jukwaani na ya filamu fupi kwa miaka kadhaa sasa, na swali hilo limeniepusha na hasara nyingi. Sare ya filamu inatumikia watu wawili kwa pamoja. Kuna mtazamaji, ambaye akitupa jicho tu anataka ajue nani nahodha, nani fundi mitambo, nani daktari. Na kuna mwigizaji aliye ndani yake, anayekaa, anayeinama, anayetoka jasho chini ya taa tangu alfajiri hadi usiku. Sare nyingi zilizopata umaarufu zilimshughulikia wa kwanza zikamsahau wa pili, na ukijua pa kuangalia, madhara yake unayaona kwenye picha yenyewe.

Kwa hiyo nitaziweka mbili mbili, mahali pengine tatu, na kuzipima kwa jicho la fundi. Kama unajiandaa kuvisha waigizaji wako, au unajishonea vazi la tamasha la mashabiki, utaona mwenyewe ipi inaendana na kazi yako.

Star Trek ya 1979 na ya 1982

Naanza hapa kwa sababu mfano kama huu ni adimu: mbunifu yule yule, Robert Fletcher, waigizaji wakuu wale wale, chombo kile kile cha Enterprise, lakini sare mbili zisizofanana hata chembe.

Katika Star Trek: The Motion Picture ya 1979, mwongozaji Robert Wise hakutaka tena zile rangi za kuwaka za kipindi cha televisheni cha 1966 kilichozaa filamu hizi. Aliona kwenye skrini kubwa zingemvuruga mtazamaji. Wakavaa kijivu, krimu, kahawia hafifu na buluu iliyopauka. Kitambaa chenyewe ni laini, kinashika mwili, na nyingine ni za kipande kimoja tangu shingoni hadi mguuni. Viatu vilishonwa pamoja na suruali, kwa hiyo mguu wa suruali unaishia kwenye soli bila pindo wala kamba. Kwenye mchoro ni wazo la kupendeza. Ni nguo ya karne ya 23 kweli. Ila sasa hebu ivue. Huwezi kutoa kiatu mpaka utoe suruali, na huwezi kutoa suruali mpaka mtu aje kukusaidia. Waigizaji hawakuzipenda, na mimi siwalaumu.

Lakini kasoro iliyo kubwa zaidi kwangu iko kwenye rangi. Kuta za chombo kile ni za kijivu na nyeupe. Mtu aliyevaa kijivu akisimama mbele ya ukuta wa kijivu, kinachobaki kuonekana ni uso na mikono. Ukipunguza sauti ya filamu ile ukaangalia watu wakiwa wamesimama kwa mbali, utapata taabu kujua nani anamwamuru nani. Cheo kipo, kwenye vitepe vyembamba, lakini kutoka mbali vitepe hivyo havisomeki. Zinabaki kuonekana kama nguo za kulalia.

Miaka mitatu baadaye, kwenye The Wrath of Khan, mwongozaji mpya Nicholas Meyer alitaka wale watu waonekane kama mabaharia wa jeshi. Fletcher akaleta koti jekundu la damu ya mzee, zito, ambalo upande mmoja wa kifua unavuka juu ya mwingine na kufungwa pembeni. Lina mkanda kiunoni na ukanda wa begani, na ndani yake kuna kola ya kupanda shingoni yenye mistari iliyotuna. Rangi ya kola na ya ule ukanda wa begani ndiyo inayotaja idara. Nyeupe ni ya maofisa wa uongozi. Mweke mtu huyo mbele ya ukuta ule ule wa kijivu, utamwona hata ukiwa kiti cha mwisho ukumbini.

Na zile za 1979 hazikutupwa. Zilijaribiwa kwenye madumu ya rangi, ikaonekana zinapokea nyekundu iliyokolea vizuri, zikageuzwa kuwa nguo za wanafunzi wa chombo. Ukiwa na bajeti ndogo, liweke hilo akilini: jaribu kutia rangi upya kabla ya kununua kipya.

Koti la 1982 lina jambo lingine ambalo wabunifu wengi hawaliwazi. Lina hali mbili. Likifungwa, mgongo unanyooka wenyewe, kidevu kinapanda, mtu yuko kazini. Likifunguliwa, ule upande wa kifua unaning'inia chini, na hapo hapo unaona mtu aliyechoka, aliyepigwa, ambaye hana tena wa kumwonyesha unadhifu. Kirk, kiongozi wa chombo, anapita sehemu ya filamu ile koti lake likiwa na damu ya kijana aliyekuwa akijifunza kazi ya mitambo, na hakuna haja ya mtu kueleza chochote.

Halafu kuna Spock, rafiki yake wa siku nyingi. Ameingia kwenye chumba chenye mionzi, ameokoa chombo, macho yameshaharibika, anakufa. Kirk anamwita kutoka upande wa pili wa kioo. Spock anainuka kitini taratibu, na kabla ya kupiga hatua ya kwanza anashika pindo la koti lake na kulivuta chini linyooke. Basi. Ni sekunde moja tu ya mkono na kitambaa, na kila nikiitazama nafikiria fundi aliyekata koti lile kiasi kwamba lina pindo la kuvutwa. Kwenye pajama za 1979 tendo hilo lisingewezekana. Hakuna cha kunyoosha.

Gharama yake ni joto na kazi. Kitambaa kizito, bitana, kola inayotaka mkono wa fundi mzuri, na mwigizaji anayehitaji kupepewa kila kamera ikizimwa. Hata hivyo liliendelea kuvaliwa mpaka filamu ya sita ya mfululizo ule, mwaka 1991. Kati ya hizi mbili sisiti hata kidogo: chukua ya 1982.

Ovaroli: inayobana na iliyochakaa

Kila anayeanza kutengeneza filamu ya anga hukimbilia ovaroli. Ni rahisi kueleweka, na watu huamini kwamba nguo ya kipande kimoja ndiyo nguo ya siku zijazo. Nami niliamini hivyo.

Tazama kwanza ovaroli ya kubana. Star Trek: The Next Generation iliporuka hewani mwaka 1987, William Ware Theiss aliwavisha waigizaji kipande kimoja cha kitambaa cha kuvutika, na kikakatwa kidogo kuliko mwili wa mwenyewe makusudi ili kisifanye mikunjo mbele ya kamera. Hesabu yake ni nyepesi: kitambaa kinachovutwa kati ya bega na kinena kinalirudisha bega chini kila dakika, saa kumi na mbili, siku tano kwa wiki. Patrick Stewart aliumia mgongo, na mtaalamu aliyemtibu akaonya kwamba nguo ile itamletea madhara. Msimu wa tatu, mwaka 1989, Robert Blackman akaleta sufu, koti na suruali vikiwa vipande viwili, kola ya kusimama. Hapo likazuka tatizo dogo jipya: kila Stewart alipoinuka kitini, koti lilikuwa limepanda, naye akawa analivuta chini. Mashabiki wakauita mwendo ule wa mkono kwa jina la mhusika wake, nahodha Picard. Kwa Spock mkono ulikuwa na maana moja kubwa, mara moja. Kwa Picard ulianza kama marekebisho ya mshono, ukaishia kuwa tabia ya mtu. Nampenda mwigizaji anayeweza kufanya hivyo, lakini fundi hapaswi kumtegemea.

Sasa weka pembeni yake Alien ya 1979. John Mollo aliwavisha wafanyakazi wa Nostromo, chombo kinachokokota shehena, nguo ambazo unaamini zimefuliwa mara mia. Ripley ana ovaroli ya kijani iliyopauka. Brett ana kepu na shati la maua. Kuna beji za chombo na za kampuni, lakini hakuna wawili waliovaa sawasawa. Kabla Parker na Brett hawajaanza kulalamikia malipo yao, nguo zimekwishakuambia kwamba hawa ni vibarua walio mbali na nyumbani, wala si askari. Na waigizaji wanalala, wanakula, wanatambaa kwenye mabomba ndani ya nguo hizo bila kuziwaza.

Kwa mwili wa mwigizaji, hakuna ulinganisho hapa. Kwa mtazamaji, ile ya kubana inasema "jeshi" na hii inasema "kazi", hivyo inategemea unasimulia habari za nani.

Nitoe la kwangu. Niliwahi kushona ovaroli sita za filamu fupi. Mwongozaji alitaka kifua kisiwe na mshono wowote, kwa hiyo zipu nikaiweka mgongoni, tangu shingo hadi chini ya kiuno. Zilipendeza mno zikiwa kwenye henga. Siku ya kwanza ya kupiga picha, mwigizaji mmoja wa kike alikataa maji tangu asubuhi. Nilipomuuliza, akaniambia hataki kuwasumbua watu wawili kila akitaka kwenda haja. Siku ya pili zipu yake ikapasuka kiunoni alipochuchumaa kuokota chombo sakafuni, na tukampiga picha ya upande mmoja tu hadi jioni, pini zikiwa zimemshikilia mgongoni. Usiku ule nilizichana zote sita, nikahamishia zipu mbele na kuifunika kwa ubao mwembamba wa kitambaa. Hakuna mtazamaji aliyeuona mshono huo.

Tangu hapo ovaroli yangu ina masharti. Zipu iwe mbele na iwe ya vichwa viwili, ifunguke kutoka juu na kutoka chini, kama za marubani. Urefu wa kiwiliwili upimwe mtu akiwa amekaa na kuinama, kwa sababu mgongo hurefuka ukiinama na ovaroli hairefuki. Kwapani ongeza kipande cha umbo la almasi. Bila hicho, mtu akiinua mikono miwili nguo nzima inapanda na kumkaba kinena. Nyuma ya kiuno weka mpira. Mfuko wa paja ni bora kuliko wa kiunoni, maana kwenye filamu hizi watu wamekaa kwenye viti vya chombo muda mwingi, na mfuko wa kiunoni haufikiki ukiwa umekaa.

Rangi za idara: shati, mkono, au ukanda

Sare za Star Trek za 1966 ndizo zilizotufundisha kusoma rangi: dhahabu kwa uongozi, buluu kwa sayansi na tiba, nyekundu kwa mitambo na ulinzi. Mtoto wa miaka sita anaelewa baada ya vipindi viwili. Kwa upande wa mtazamaji sijaona mfumo uliouzidi.

Lakini ile dhahabu haikuwa dhahabu. Shati la nahodha lilikuwa la kijani. Taa za studio na filamu ya wakati ule ndizo zilizoligeuza. Na kitambaa chake cha kwanza, chenye manyoya mafupi mfano wa mahameli, kilikuwa kikinywea kila kikifuliwa, hadi msimu wa tatu wakahamia nailoni. Mambo hayo mawili yananihusu mimi na wewe moja kwa moja. Kata kipande cha kitambaa kabla ya kununua robota zima, kipige picha kwa kamera ile ile na chini ya taa zile zile utakazotumia, kisha kifue mara tatu na ukipime upya.

Kipindi cha Space: 1999, kilichoanza mwaka 1975, kilitumia njia nyingine. Rudi Gernreich alivisha kituo kizima cha Mwezini rangi moja ya krimu, kisha akaweka rangi ya idara kwenye mkono mmoja tu, wa kushoto. Kwa kiwanda kidogo ni nafuu kubwa: unanunua kitambaa kimoja kwa wingi, unabadilisha mkono. Ila kaa upande wa kulia wa mwigizaji uone. Idara imepotea.

Wanaanga wenyewe walikutana na tatizo hilo hilo. Kwenye picha za safari za mwanzo za Mwezini, watu wawili ndani ya suti nyeupe wenye vioo vya dhahabu usoni hawatofautiki. Kuanzia Apollo 13, suti ya kamanda ikawekewa mistari myekundu, na kwa kuwa Apollo 13 haikutua, mistari hiyo ilionekana Mwezini kwa mara ya kwanza kwenye Apollo 14 mwaka 1971. Angalia walipoiweka: kwenye helmeti, inazunguka mikono, inazunguka miguu. Ukimtazama kamanda kwa mbele, kwa nyuma au ubavuni, mstari upo. Hakuna mbunifu wa filamu aliyenipa somo bora kuliko hilo kuhusu alama: izungushe mwilini.

Kwa hiyo kati ya shati zima, mkono mmoja na ukanda wa kuzunguka, ninapokuwa na watu wengi na fedha kidogo nachagua ukanda. Ninapokuwa na watu watano wanaoonekana filamu nzima, nachagua shati.

Koti la dola

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa somo lake ni moja. John Mollo, huyo huyo wa Alien, alikuwa mtaalamu wa historia ya sare za kijeshi kabla hajabuni mavazi ya Star Wars ya 1977, kazi iliyompa tuzo ya Oscar. Maofisa wa dola, utawala wa kidhalimu wa filamu ile, wamekatiwa makoti yanayofuata mkato wa wapanda farasi wa Ujerumani wa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia: kola ya kufunga shingo, suruali pana mapajani, buti ndefu. Mtazamaji hahitaji kuambiwa chochote. Vibao vya rangi vya kifuani vinaonekana kama cheo, ingawa mashabiki wanabishana hadi leo kuhusu maana ya kila kimoja. Starship Troopers ya Paul Verhoeven (1997) ilikwenda mbali zaidi, ikawavisha wale wanaoitwa mashujaa nguo zinazokumbusha Wanazi, na ilifanya hivyo kwa makusudi ili mtazamaji ashtuke na kujihoji.

Mkato wa historia unabeba historia yake. Ukiutumia, ujue unachosema.

Na ukiagiza buti ndefu, pima mguu wa kila mtu. Peter Cushing, aliyeigiza kama gavana katili kabisa wa filamu ile ya 1977, alipewa buti zilizombana hadi akashindwa kuvumilia. Akaomba apigwe picha juu ya magoti, akacheza sehemu nyingi akiwa na ndara za nyumbani. Ule ukatili wote wa kifua na uso ulisimama juu ya ndara, na haukupungua kitu. Mwigizaji asiyeumia miguu anaigiza vizuri zaidi. Nina hakika na hilo kuliko jambo lolote nililoliandika hapa.

Deraya: ya plastiki nyeupe, ya bati, na ya kilo nyingi

Askari weupe wa Star Wars ndio umbo linalotambulika kuliko yote katika filamu hizi. Plastiki iliyopashwa moto na kufyonzwa juu ya kalibu, vipande vingi vilivyofungwa juu ya nguo nyeusi. Kwa macho ni ushindi mtupu: weupe unaokaa vizuri mbele ya korido nyeusi, uso usio na mtu, na mwigizaji yeyote mwenye kimo kinachokaribia anaweza kuingia ndani. Kwa mwili ni mateso. Huwezi kukaa sawasawa, vipande vinabana nyama kwapani na nyuma ya goti, na matundu ya macho yanakunyima nusu ya dunia. Ushahidi umo kwenye filamu yenyewe: askari mmoja anaingia mlangoni na kugonga kichwa kwenye mlango, na tukio hilo likabaki hivyo hivyo.

Aliens ya James Cameron (1986) ilichukua njia nyingine. Terry English, fundi wa deraya, aliwafulia waigizaji vipande vya alumini vya kifua, mabega na miundi, vikavaliwa juu ya nguo ya kijeshi ya madoadoa. Mikono na viwiko vikaachwa huru. Kisha waigizaji wakaachiwa wapambe deraya zao wenyewe, kila mtu kwa maandishi na michoro yake, ndiyo maana unawatofautisha hata gizani. Begani kuna taa, na taa ile ni hazina: inamulika ukuta, moshi na uso wa mwenzako, kwa hiyo sare yenyewe inafanya sehemu ya kazi ya mtu wa taa.

Ya tatu ni Edge of Tomorrow ya 2014, ambamo Tom Cruise na Emily Blunt walivaa mifupa ya chuma ya nje yenye uzito wa karibu kilo 38, nyingine zaidi. Unaona uzito huo kwenye kila hatua wanayopiga, na hakuna kompyuta iliyouweka pale. Lakini kazi ile ilihitaji miezi ya mafunzo na kundi la watu wa kuvisha na kuvua. Usiikaribie bila fedha zao.

Kwa mtu wa kawaida anayetaka deraya, fuata Aliens. Funika kifua, mabega na miundi, acha viungo. Ukitamani sana wale weupe, sawa, ila panga watu wako wasimame tu na wasitakiwe kukimbia ngazi, na uwe na mtu mmoja wa kuwashika mkono kila wanapotembea.

Suti ya anga

Hili si jambo la kupendeza tu, ni la usalama. Suti za anga za Alien ya 1979 zilikuwa nzito, zimejazwa ndani, na hazikuwa na njia ya kutolea pumzi wala jasho. Waigizaji walikaribia kuzimia, ikabidi muuguzi awepo na oksijeni. Suti zilirekebishwa ili hewa ipite baada tu ya watoto, waliovishwa suti ndogo ili chombo kionekane kikubwa kwa mbali, nao kuzidiwa na joto. Walikuwemo watoto wa mwongozaji mwenyewe, Ridley Scott. Nikisoma habari hiyo nasikia baridi. Helmeti iliyofungwa bila feni ni mfuko wa plastiki kichwani. Feni ndogo mbili za kompyuta, moja ikiingiza hewa na nyingine ikiitoa, betri mfukoni, na kioo kinachong'oka kwa mkono mmoja: hayo ni ya lazima hata kama filamu ni ya dakika tano.

Kuhusu rangi, suti halisi zina sababu. Nyeupe ya kutembea nje inarudisha joto la jua. Rangi ya chungwa ya kurukia, ambayo Wamarekani walianza kuivaa kwenye vyombo vyao baada ya ajali ya Challenger ya 1986, imewekwa ili mtu aonekane baharini akitafutwa. 2001: A Space Odyssey ya 1968 iliwapa wanaanga suti za rangi tofauti, nyekundu na njano, na unamjua nani yuko nje hata akiwa nukta ndogo gizani. Sunshine ya 2007 ilichukua dhahabu, kwa kuwa safari yake ni ya kulikaribia Jua. Sababu ya kisayansi na uzuri vikakutana kwenye kitambaa kimoja.

Jambo moja filamu na maisha hayakubaliani: taa ndani ya helmeti. Mwanaanga wa kweli hahitaji taa ya kumulika uso wake, ingempofusha. Kamera inaihitaji, la sivyo unalipa mwigizaji mzuri na kumficha nyuma ya kioo cheusi. Iweke, lakini iwe hafifu na iwe chini ya kidevu, pembeni mwa upeo wa macho yake.

Inafurahisha kuona mkondo ukigeuka. Suti walizovaa Bob Behnken na Doug Hurley waliporuka na chombo cha SpaceX mwezi Mei 2020 zilianza kwenye meza ya Jose Fernandez, mtu aliyejulikana kwa mavazi ya filamu. Umbo lilitangulia, wahandisi wakafuata na kulifanya lifanye kazi.

Mimi ningechagua ipi

Kama hadithi yako ni ya wafanyakazi, wachimbaji, mafundi, watu walionaswa mahali: fuata Nostromo. Nunua nguo za kazi za pamba nzito, zifue zikauke juani hadi zipauke, shona beji moja ya kampuni, kisha mpe kila mwigizaji kitu kimoja kisicho cha sare. Ni njia ya bei ndogo kuliko zote hapa, na ndiyo inayozeeka vizuri.

Kama ni ya jeshi au ya chombo chenye nidhamu, shona vipande viwili: suruali na shati la rangi moja kwa wote, ukanda wa idara unaozunguka mkono, na koti zito kwa maofisa wawili watatu tu wanaoonekana karibu. Koti liwe na namna ya kufunguka. Mwongozaji wako atakushukuru kwenye tukio la mwisho.

Ovaroli ibaki kwa marubani na mafundi mitambo. Ya kubana, hapana. Sishoni tena, hata nikilipwa zaidi.

Kabla ya siku ya kupiga picha, mvishe kila mtu na umwombe afanye mambo matano mbele yako: akae kwenye kiti cha chini, ainue mikono miwili juu, achuchumae na kuokota kitu, apande ngazi, halafu aende chooni peke yake na arudi. Kaa na saa. Akichukua zaidi ya dakika nne, leta mkasi.